Makamu, msaidizi, tanzu, ziada: namna ya kuchagua neno la kitu ambacho sio kikuu

Wengi wetu tukitaka kutaja kitu ambacho sio kikuu tunakimbilia neno moja tu, "dogo". Mwenyekiti mdogo, ofisi ndogo, sababu ndogo, fundi mdogo. Dogo likishindikana tunaleta "nyingine" au "ya pili", maisha yanaendelea. Kwenye maongezi haina shida, mwenzako akikuangalia usoni anaelewa. Shida inakuja kwenye karatasi. Mimi nachapa kwenye steshenari hapa Mwanza mjini, mchana kutwa wanakuja watu na katiba za vikundi, mihtasari ya vikao, barua za kazi, makisio ya ujenzi, maandiko ya kuombea mkopo, na naona mtu anajua kabisa anachotaka kusema ila neno alilolichagua linasema habari nyingine, halafu karatasi ikifika kwa afisa inarudi ina alama nyekundu kama daftari la darasa la nne.

Kwa hiyo nimeandika hatua ninazozifuata mwenyewe. Ukitaka ufupi wake ni huu: usiangalie kitu ni kidogo kiasi gani, angalia kinafanya kazi gani kwa kile kikuu. Kiswahili kina maneno mengi sana eneo hili na kila moja lina kazi yake.

HATUA YA 1: Kitaje kikuu kwanza

Kitu hakiwi cha pili hewani, kinakuwa cha pili kwa kitu fulani. Kabla hujaandika neno lolote chukua kalamu uandike pembeni: kikuu hapa ni nini? Unaweza kushangaa watu wanavyokwama hapa.

Chukua sahani ya mama lishe. Ugali wa udaga (unga wa muhogo), sato wa kukaanga, mchicha kidogo, na kachumbari. Kikuu ni kipi? Ukiangalia hela ni sato, hakuna ubishi. Lakini kwa lugha yetu chakula ni ugali, sato ni mboga, ndo maana mtu wa Ukerewe anauliza "leo mboga nini" na jibu likawa samaki na wala haoni ajabu. Mchicha nao ni mboga. Kachumbari ndo iko pembeni kabisa. Sasa nenda hoteli yenye vitambaa mezani, kwenye menyu wameandika "sato mzima" kwa herufi kubwa halafu chini "huja na ugali, wali au chipsi". Chakula kile kile, kikuu kimegeuka. Wote wawili wako sawa, kila mmoja ameamua kikuu chake na ameshikilia hapo mpaka mwisho. Kinachoharibu ni kubadilisha katikati ya karatasi, ukurasa wa kwanza mradi mkuu ni ufugaji wa kuku na usindikaji wa dagaa ni wa kusaidia, ukurasa wa tatu imekuwa kinyume.

Maneno ya kikuu yenyewe ni machache: kuu, mkuu, msingi, na "mama" kama kwenye sheria mama na kampuni mama. "Kubwa" usilichanganye na "kuu". Barabara kuu ni daraja lake kwenye mtandao wa barabara, sio upana.

HATUA YA 2: Uliza swali moja, kikuu kisipokuwepo hiki kinafanyaje?

Hili swali ndo injini ya mwongozo wote. Majibu hayazidi matano hivi. Kuna kinachoshika nafasi ya kikuu. Kuna kinachokosa kazi kabisa kwa sababu kazi yake ilikuwa kukisaidia. Kuna kinachoendelea na maisha yake japo ukoo wao ni mmoja. Kuna ambacho kiliongezwa tu juu, kiwepo kisiwepo kikuu kipo vile vile. Na kuna ambacho hakikuwahi kutafutwa, ni kilichobaki baada ya kikuu kutolewa. Kila jibu lina maneno yake, na tunaanza na watu kwa sababu huko ndo kwenye ugomvi.

HATUA YA 3: Vyeo

Anayeshika nafasi ya mkubwa ana majina matatu, makamu, naibu na kaimu, na watu wanayachanganya kila siku.

Makamu na naibu ni vyeo vya kudumu, mtu amechaguliwa au ameteuliwa akae pale. Tofauti ya hayo mawili kwa sehemu kubwa ni mazoea ya kiofisi, kwa hiyo usitafute mantiki, kariri. Rais ana makamu. Mwenyekiti ana makamu. Mkuu wa shule ya sekondari ana makamu, japo wanafunzi wanamwita sekondi masta. Waziri ana naibu, spika ana naibu, katibu mkuu wa wizara ana naibu, meya ana naibu. Ukiandika "makamu waziri" kila mtu atajua hujazoea kuandika, na ukiandika "naibu mwenyekiti" hautafungwa lakini katiba za vikundi huku kwetu zimezoea makamu.

Makamu wa Rais anaonyesha vizuri maana ya kushika nafasi. Anagombea pamoja na Rais kwenye karatasi moja, na wakati huo anaitwa mgombea mwenza, neno zuri sana ambalo linamweka ubavuni bila kumshusha. Machi 2021 Rais Magufuli alipofariki tulishuhudia Katiba ilivyofanya kazi, Samia Suluhu Hassan aliyekuwa makamu aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri na kumalizia kipindi, hakuitishwa uchaguzi. Msaidizi wa Rais hawezi kufanya hivyo hata awe na ofisi kubwa vipi. Ukiwa unaandika katiba ya kikundi chenu na hamtaki mtu fulani arithi kiti mwenyekiti akiondoka, basi msimwite makamu.

Tahadhari moja kwa wanaochapa barua za vyuo. Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu ndiye anayekiendesha chuo siku hadi siku, Mkuu wa Chuo utamuona zaidi siku ya mahafali anatunuku digrii. Kwa hiyo barua ya kuomba jambo pale Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, upande wa Malimbe, inakwenda kwa Makamu, na chini yake wapo manaibu makamu. Neno makamu hapo lisikudanganye ukadhani unamwandikia mtu wa pili.

Kaimu ni wa muda. Kiti kiko wazi au mwenye kiti yuko likizo, mtu amewekwa akishikilie, anakaimu. Anasaini "Kaimu Mkurugenzi". Hii ni tofauti na ile "Kny" unayoiona chini ya barua za serikali, maana yake kwa niaba ya, ambapo cheo kinachoandikwa ni cha bosi mwenyewe na anayesaini ni ofisa wake aliyeruhusiwa kusaini barua hiyo. Ukimwandikia mtu barua na ukaweka Kny wakati yeye ni kaimu umempunguzia mamlaka, ukamwandika kaimu wakati ni Kny umempandisha cheo, na hapo usishangae barua ikarudi.

Msaidizi sasa. Huyu hashiki nafasi, huyu anabeba sehemu ya mzigo. Bosi akiondoka msaidizi anabaki msaidizi tu, anasubiri bosi mwingine. Kocha msaidizi, katibu msaidizi. Mpirani wale wa pembeni zamani tuliwaita washika vibendera, na wazee jukwaani uwanja wa Kirumba wakati Pamba Jiji inacheza bado wanawaita hivyo, ila mwaka 1996 jina lao lilibadilishwa kwenye sheria za mpira na kwa Kiswahili ni waamuzi wasaidizi. Mabadiliko yale yana maana, wanasaidia kuamua, sio kubeba kitambaa tu. Lakini mwamuzi wa kati akiumia anayesubiriwa kuingia ni yule wa mezani, na huyo anaitwa mwamuzi wa akiba. Umeona? Msaidizi na wa akiba ni watu wawili tofauti, kazi mbili tofauti, uwanja mmoja.

Kwenye kikundi nafanya hivi, nakuwekea mazungumzo yalivyokwenda na mama mmoja wa kikundi cha dagaa cha huku Kirumba Mwaloni, kwenye soko la samaki, aliyekuja na rasimu ya katiba ameiandika kwa mkono kwenye daftari:

"Mwanangu hapo andika mwenyekiti mdogo."

"Sawa mama. Mwenyekiti mkubwa akisafiri nani anaongoza kikao?"

"Si huyo huyo mdogo."

"Basi ni makamu mwenyekiti. Na huyu mweka hazina mdogo?"

"Huyo anamsaidia mwenzake kuhesabu hela siku ya marejesho. Ila funguo hana, sanduku lina kufuli tatu na wenye funguo ni wengine watatu."

"Mweka hazina akiumwa yeye anapewa funguo?"

"Hapewi! Tunasubiri mwenzake apone."

Basi huyo ni mweka hazina msaidizi na mambo yamekwisha. Mama mwenyewe ndo alikuwa na jibu, swali tu lilikuwa halijaulizwa. Na ukishaandika hivyo kwenye orodha ya viongozi, lazima uende kwenye kifungu cha majukumu uandike kabisa kwamba makamu ataongoza vikao mwenyekiti asipokuwepo na mweka hazina msaidizi hatatunza ufunguo, maana ile katiba inapelekwa kwa afisa maendeleo ya jamii wakati wa kusajili kikundi, na kikundi kikija kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, wanaisoma tena.

HATUA YA 4: Watu wa kazi za mikono, waite wanavyoitwa

Hapa usilete ujuzi. Anayechanganya zege na kupandisha tofali ni saidia fundi. Sio fundi msaidizi, fundi msaidizi ni fundi anayeweza kusimama ukutani akajenga. Saidia fundi analipwa kwa siku na makisio yako yanatakiwa yaonyeshe hivyo, mstari wa fundi na mstari wa saidia fundi, ukiwaweka pamoja mwenye nyumba ataanza kuuliza mbona mafundi wamekuwa sita.

Kwenye gari, utingo au tanboi ni wa lori, konda ni wa daladala, deiwaka ni dereva asiye na gari lake la kudumu anayeshika usukani siku mwenye gari amepumzika. Deiwaka kwa swali letu la hatua ya 2 ni wa kushika nafasi, utingo ni wa kusaidia. Kwenye mkataba wa maandishi deiwaka mwandike "dereva wa muda" au "dereva wa zamu", kwenye maongezi mwache awe deiwaka.

HATUA YA 5: Vitu vinavyosaidia, vinavyotegemea, vinavyounganisha

Kwa vitu neno ni saidizi, bila ile m ya mtu. Vifaa saidizi ndo jina linalotumika kwa fimbo nyeupe, baiskeli ya magurudumu matatu, miguu bandia, vya watu wenye ulemavu. Wanafunzi wa sekondari mnajua kitenzi kisaidizi, "Juma alikuwa anauza dagaa", alikuwa inasaidia tu kuonyesha wakati, kazi halisi ni anauza.

Tegemezi ni kingine. Kisaidizi kinatoa msaada, kitegemezi kinapokea. "Mvua iliponyesha" ni kishazi tegemezi kwa sababu hakisimami peke yake, mpaka umalizie "wauzaji walikusanya maturubai". Sasa kosa ambalo nakutana nalo kila mara kwenye barua za kuomba msamaha wa ada: "Marehemu baba ndiye alikuwa tegemezi wa familia." Hapana jamani! Tegemezi ni nyinyi mliokuwa mnamtegemea. Baba alikuwa tegemeo. Kwenye fomu za bima ya afya pale wanapouliza wategemezi unaandika mwenza na watoto, huandiki anayewalisha. Herufi chache tu na barua nzima inageuka, marehemu anaonekana alikuwa mzigo.

Halafu kuna haya maneno ya wahandisi nayapenda sana. Daraja la JPM la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lenyewe lina urefu wa kilometa 3, na kwenye taarifa zake utakuta limeandikwa pamoja na barabara unganishi za kilometa 1.66. Unganishi. Hazikuitwa barabara ndogo wala barabara saidizi, kwa sababu kazi yake ni kukutoa kwenye barabara kuu na kukufikisha darajani, bila hizo daraja lingekuwa linaning'inia juu ya ziwa na magari yanasubiri kivuko kama zamani. Ukiwa unaandika mradi wa mwalo au soko na kuna kipande cha njia cha kufika hapo, hilo neno lipo, tumia. Kuna na mlisho, kama mabasi ya mlisho ya mwendokasi kule Dar es Salaam yanayokusanya abiria mitaani na kuwapeleka kwenye njia kuu. Mchepuo nao ni barabara ya kuzunguka mji isiingie katikati. Angalia sana spelingi hapo, mchepuo na mchepuko watu wanavitofautisha kwa kicheko, na kwenye risala mbele ya mkuu wa wilaya sio mahali pa kicheko hicho.

Kwa maji ni tawimto, mto unaomwaga kwenye mto mwingine. Ruvubu na Nyabarongo ni matawimto ya Kagera. Lakini Kagera, Simiyu na Mara sio matawimto ya Ziwa Victoria, ziwa halina matawimto, hiyo ni mito inayoingiza maji ziwani. Vivyo hivyo na Mirongo wetu hapa mjini, pamoja na udogo wake na chupa zake zote za plastiki, anaingia ziwani mwenyewe bila kupitia kwa mtu, kwa hiyo ni mto kamili.

HATUA YA 6: Akiba, ziada, nyongeza, mbadala

Haya manne yanakaa karibu karibu ila hayafanani.

Akiba imetunzwa kwa makusudi ikisubiri siku yake. Tairi la akiba, ambalo gereji ni spea tairi. Wachezaji wa akiba. Akiba haina maana kwamba ni dhaifu, kuna mchezaji anawekwa benchi kwa sababu kocha anamtaka dakika ya 70 wakati wenzake wamechoka.

Ziada ni kilichozidi kiwango. Masomo ya ziada, muda wa ziada kazini, kipato cha ziada. Kwenye andiko la mkopo usiandike "biashara yangu ndogo ya pembeni ni kuuza vocha", andika shughuli kuu ni hii, na chanzo cha kipato cha ziada ni hiki. Pembeni ni neno la kijiweni, michongo ya pembeni, mishe za pembeni, na anayekusomea andiko la mkopo akiliona anaanza kufikiria unaficha kitu.

Nyongeza imewekwa juu ya kilichokamilika. Pale Mwaloni ukinunua dagaa kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, sado ikishajaa unasema "haya na nyongeza", muuzaji anachota kiganja anamwagia juu. Bei haibadiliki, hesabu ilishafungwa kwenye sado. Ndo hivyo hivyo nyongeza kwenye ripoti: ripoti imeisha, imejitosheleza, halafu nyuma umeweka majedwali. Kama ripoti haieleweki mpaka mtu afungue nyuma basi ile sio nyongeza, rudisha ndani. Kiambatisho kinatofautiana kidogo, hiki ni karatasi kamili yenyewe iliyofungwa pamoja na barua, cheti, kitambulisho, muhtasari wa kikao. Na usichanganye kiambatisho na nakala, ile "Nakala" ya chini kabisa kushoto ni orodha ya watu wengine watakaopelekewa barua hiyo hiyo.

Mbadala haisaidii wala haiongezi, inaondoa na kukaa yenyewe. Mkaa mbadala. Ukiandika kwamba sola ni umeme mbadala wa saluni yako umesema umeme wa gridi hautumii au unaweza kuuacha, kama sola inawashwa umeme ukikatika tu basi ni umeme wa akiba.

HATUA YA 7: Tawi au tanzu

Fupi tu. Tawi ni mkono wa kitu kile kile, tawi la benki, tawi la chama, halina usajili wake. Kampuni tanzu imesajiliwa kivyake, ina bodi yake, ila inamilikiwa na kampuni mama. ETDCO, inayojenga njia za umeme, ni kampuni tanzu ya TANESCO, haiitwi tawi la TANESCO. Ukifungua duka la pili Igoma kwa leseni na jina la kampuni ile ile ya Makoroboi hilo ni tawi, hata kama limeshalizidi la kwanza kwa mauzo.

HATUA YA 8: Kilichobaki baada ya kikuu kutoka

Hapa ndo watu wa ziwa tuna utajiri wa maneno, na ndo hapa naona watu wanapoteza hela kwa kuandika vibaya.

Sangara akiingia kiwandani kinachotafutwa ni minofu. Minofu ndo kikuu, inagandishwa inasafirishwa. Kinachobaki, kichwa na mifupa na mkia, ni mapanki, na mapanki yanakaangwa na kuuzwa mitaani, watu wanapata kitoweo. Halafu kuna bondo, ule mfuko wa hewa wa ndani unaomsaidia samaki kuelea. Bondo ukiliangalia halina sura ya hela, liko kama utando mzito wa rangi ya maziwa, linateleza mkononi, wanalisafisha na kulikausha mpaka linakuwa gumu na la njano. Soko lake liko China na Hong Kong, na kilo ya bondo kavu inauzwa ghali kuliko kilo ya minofu mara nyingi tu. Sasa mtu ananiletea andiko la biashara ameandika "tutauza pia mabaki ya samaki". Mabaki! Afisa mkopo anasoma mabaki anawaza ndoo ya jalalani. Andika mabondo, andika mapanki, kila kimoja na mstari wake na bei yake.

Ukihitaji neno la jumla basi pima hivi. Masalia ni kilichosalia na bado kina kazi. Mabaki hayana upande, yanaweza kuwa mazuri au mabaya. Makapi hayana faida tena. Taka inatupwa. Lakini kabla hujafika kwenye neno la jumla angalia kama kitu kina jina lake, na mara nyingi kinalo. Pamba ikichambuliwa kiwandani nyuzi ndo kikuu, mbegu zinakamuliwa mafuta, na baada ya mafuta yanabaki mashudu ambayo wafugaji wa ng'ombe wanayagombania kiangazi. Mpunga wa Magu ukikobolewa mchele unatoka na pumba zinabaki, za kulishia kuku au za kuchomea tofali inategemea na mashine. Anayeandika "mabaki ya pamba" hajasema kitu, anayeandika mashudu tayari ameshapata mteja.

HATUA YA 9: Sasa "dogo" litumike wapi?

Sijalifukuza. Kuna mahali limeshakuwa sehemu ya jina na huwezi kulitoa, na hapo kumbuka kwamba halipimi uzito wa kitu.

Sheria ndogo zinatungwa na halmashauri chini ya sheria mama ya Bunge, na ukikamatwa umemwaga maji machafu barabarani utalipa faini ya sheria ndogo na itauma vile vile. Uchaguzi mdogo ni wa kujaza kiti kilichobaki wazi, unaweza kuwa na joto kuliko uchaguzi mkuu. Dirisha dogo la usajili ni lile la katikati ya msimu, na timu imeokoka kushuka daraja kwa mchezaji wa dirisha dogo. Maudhi madogo madogo, ndivyo manesi wanavyoyaita yale yanayoweza kuja na njia za uzazi wa mpango, kichefuchefu, kichwa, mabadiliko ya siku, na mwenye nayo hayamwoni kama madogo hata kidogo. Nyumbani nako mama mdogo ni mdogo wa mama kwa kuzaliwa, ila kwenye harusi yako jaribu kumweka kiti cha nyuma uone.

Kwa hiyo kabla hujachapa bonyeza Ctrl na F, tafuta "dogo", kila ikitokea jiulize ni jina rasmi, ni ukubwa kweli wa kupimika (kwa mfano mtumbwi mdogo), au nilishindwa kupata neno? Ile ya tatu rudi hatua ya 2. Ukimaliza tafuta na "nyingine" ufanye hivyo hivyo.

HATUA YA 10: Mengineyo

Hii naiweka mwisho kwa sababu na kwenye muhtasari inakaa mwisho. Mpangilio wa agenda unajulikana: kufungua kikao, kusoma na kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, agenda za siku, mengineyo, kufunga. Mengineyo kwa jina ni makombo ya kikao, ila kila aliyekaa kwenye kikao cha kikundi anajua kwamba hapo ndo mtu anasimama na kusema "mwenyekiti mimi nina dogo tu" na hilo dogo ni laki nane za mashine ya mtumbwi hazijulikani zilipo.

Ukiwa katibu usiandike "mengineyo yalijadiliwa". Kila jambo lililoibuka lipe namba yake ndogo chini ya namba ya mengineyo, kama mengineyo ni 5 basi 5.1, 5.2, andika nani alilileta na kikao kiliamua nini. Likiwa la hela andika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, nani alitoa hoja, nani aliunga mkono, na nani amepewa kulifuatilia na mpaka tarehe ngapi. Kikao kijacho litaingia kwenye yatokanayo, na kama bado halijaisha kikao cha tatu lipandishe liwe agenda inayojitegemea, maana kufikia hapo limeshakuwa kikuu. Chapa, toa nakala, mwenyekiti na katibu wasaini kila ukurasa, sio wa mwisho tu.